Mtani wa kwenye televisheni haji msibani: komedi na muvi zinavyotutengenezea siasa watu wa Mtwara na Lindi

#1 Mtoto wa Chikongola (mwenye uzi)

Wadau habari za saa hizi. Huu uzi nimeuandika mara mbili nikaufuta, leo nauweka, ni mrefu, naomba ukianza kusoma usirukeruke maana mwisho wake unategemea mwanzo.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka Dar narudi nyumbani Mtwara. Tumevuka daraja la Mkapa pale Rufiji, joto limeanza kupanda, kondakta akaweka komedi kwenye ile tv ya mbele. Mnazijua hizo komedi, kuna tajiri ana jumba, ana mke mkali, halafu kuna mlinzi wa geti. Mlinzi ni mtu wa Kusini, siku zote ni mtu wa Kusini, kavaa koti kubwa kuliko mwili, akitumwa analeta kingine, akiongea anakunja ulimi kwa lafudhi wanayodhani ni ya kwetu, na kicheko chote cha ile komedi kiko kwenye mdomo wake. Basi zima tukacheka. Na basi lile nawaambia ukweli lilikuwa limejaa sisi wenyewe, watu wa Newala, wa Tandahimba, wa Mikindani, wengine wa kushukia Nangurukuru na Mingoyo. Mimi nilicheka pia, sitaki kudanganya.

Sasa kiti cha pili yangu alikaa bibi mmoja, bibi wa zamani kabisa, ana nembo zake za chale usoni zimepangika vizuri mashavuni, mtu akijua anachokiangalia anajua huyu alichorwa na fundi. Yeye hakucheka. Akaniuliza taratibu, mjukuu wangu, huyo wanayemcheka ametoka wapi? Nikamwambia bibi huyo kwenye muvi wanasema ametoka Newala. Akanyamaza kidogo, akasema Newala ipi hiyo, mimi nimezaliwa Newala na nimezalia Newala, huyo sijawahi kumuona. Halafu akageukia dirishani akalala. Toka hapo mpaka Somanga sikucheka tena, na toka siku hiyo jambo hili halinitoki kichwani.

Mimi ni mpenzi wa muvi wadau, tena wa kufa. Kanumba alivyofariki Aprili 2012 nililia kama nimefiwa na kaka, nakumbuka serikali yenyewe ilikwenda kwenye ule msiba mpaka Makamu wa Rais wa wakati ule Dk. Bilal alikuwepo, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba muigizaji ni mtu mkubwa kwenye nchi, wanasiasa wakaona ule umati na wao wakaelewa. Kwa hiyo nisisomwe kama mtu anayechukia sanaa yetu. Nasema kwa sababu naipenda na ndiyo maana inaniuma.

Hoja yangu ni hii. Watu wakiongelea muvi na siasa wanaongelea mastaa kupanda jukwaani, nani kavaa kijani nani kavaa gwanda la kaki. Mimi naona hiyo ni sehemu ndogo sana, tena ndiyo dhaifu. Siasa yenyewe ya muvi ni ile picha inayorudiwa kila siku mpaka inakuwa ndiyo macho ya watu. Ukionyeshwa miaka ishirini kwamba mtu wa Kusini ni mlinzi asiyeelewa kitu, siku mtu wa Kusini akisimama kudai kitu chake humsikii anachosema, unasikia lafudhi.

Nitawapa mfano wa kwangu mwenyewe. Mwaka 2013 nilikuwa nasoma chuo Dar, sikitaji. Mnaukumbuka mwaka ule, Januari maandamano ya gesi, watu wakipinga isipelekwe Dar kwa bomba, halafu Mei 22 siku ya bajeti ya Nishati na Madini mji wetu ukawaka moto. Sisi hosteli tulikuwa tumekaa chumba cha tv, mimi napiga simu nyumbani Chikongola simu ya mama haipatikani, tumbo linaniuma, na jamaa mmoja ninayekula naye sahani moja akaigiza sauti ya yule mlinzi wa kwenye komedi, akasema sasa nyinyi gesi mtaifanyia nini, si kulinda geti. Chumba kizima kikacheka. Hakuwa mtu mbaya yule, nilimjua, alinikopesha hela mara nyingi tu. Hakuwa na picha nyingine ya mtu wa Mtwara kichwani mwake. Angeitoa wapi?

Sasa sikilizeni hili. Mwaka huohuo, miezi miwili kabla, Machi 2013, Rais Xi Jinping wa China alikuja Dar, akahutubia pale ukumbi wa mikutano wa Julius Nyerere, na kwenye hotuba yake akaitaja ile tamthilia ya Doudou na mama wakwe zake iliyokuwa inaonyeshwa TBC kwa Kiswahili. Akafurahi kwamba Watanzania wameona maisha ya kawaida ya familia za Wachina. Rais wa nchi kubwa kama ile anakuja kwenye ziara ya kiserikali anataja tamthilia! Wenzetu wanajua wanachofanya. Na bomba lenyewe la gesi la Mtwara kwenda Dar lilijengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Kwa hiyo fikiria, mwaka ule mtu wa Dodoma au Mwanza alikuwa anamjua mama mkwe wa Doudou kwa sura na kwa tabia, anajua akikasirika anafanyaje, lakini mama yangu wa Chikongola anayeishi mkoa inakotoka gesi alikuwa hamjui. Nani aliyemuonyesha?

Na msidhani haya yameanza juzi. Wakoloni wa Kiingereza walianza mapema, 1935 mpaka 1937 walikuwa na mradi wao wa filamu pale Vugiri karibu na Korogwe, wanatengeneza filamu za kuwafunza Waafrika, wanazungusha kwa lori vijijini. Kulikuwa na moja ya kuwahimiza watu waweke akiba posta, yupo anayepeleka hela posta na yupo anayefukia hela yake ardhini, anakuja mwizi anaichukua. Mjanja na mjinga. Mimi nikiziangalia komedi zetu za leo namuona yule aliyefukia hela bado anatembea, tumembadilisha nguo tu tukampa geti alinde na tukamwambia aseme anatoka Newala.

Karibuni wadau, hata mnaopinga.

#2 Mdau wa Masasi

Mkuu umeandika vizuri ila napinga. Komedi ni utani. Sisi wa Kusini tumezaliwa kwenye utani, Myao anamtania Mmakonde, Mmakua anamtania Myao, mbele ya wakwe watu wanatukanana na wanacheka wote. Ukianza kulia kwa sababu ya mlinzi wa kwenye komedi utakuja kutuambia na utani tuuache.

Pili kuhusu siasa, mimi nakuambia muvi haina nguvu hiyo huku kwetu. Chukua 2015. Mastaa walitembea nchi nzima, Wema Sepetu na wenzake walikuwa upande wa CCM wanahamasisha mpaka sauti zinakauka. Matokeo huku? Mtwara Mjini ikaenda CUF. Tandahimba CUF. Kilwa zote mbili CUF. Liwale CUF. Watu walipiga kura za gesi na korosho, hakuna aliyeangalia staa. Na staa mwenyewe Februari 2017 akaenda CHADEMA, Desemba mwaka huohuo akarudi CCM. Mkulima wa korosho atamfuata wapi?

#3 Mtoto wa Chikongola (mwenye uzi)

Mkuu wa Masasi nakushukuru umekuja na hoja. Hiyo ya 2015 umeisema vizuri na inanisaidia mimi, soma tena nilichoandika, nimesema staa jukwaani ndiyo sehemu dhaifu. Mtu wa Tandahimba hawezi kubadilishwa na staa kuhusu bei ya korosho kwa sababu korosho anaijua, ameishika mkononi, ana stakabadhi ya ghala mfukoni. Muvi inamshinda mtu pale ambapo hana anachokijua kwa macho yake. Mtu wa Tandahimba hadanganyiki kuhusu Tandahimba, anayedanganyika kuhusu Tandahimba ni mtu wa mbali ambaye hajawahi kufika, na huyo ndiye anayekaa ofisini kupanga barabara ipite wapi.

Kuhusu utani. Hapa ndugu yangu nitakaa kidogo maana umegusa penyewe.

Mimi na wewe tunajua utani ni nini. Mtani wangu Myao ananiita majina yote, anaweza kuchukua kuku wangu bandani na nisimdai. Lakini nikifiwa nani anafika wa kwanza? Nani anashika jembe la kaburi? Nani anaingia jikoni, nani anawatuliza wafiwa kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyasema anapigwa? Ni huyohuyo. Babu yangu alipofariki mtani wake alilala kwenye lile kaburi kabla halijakamilika, akakataa kutoka mpaka apewe chake, watu waliokuwa wanalia wakacheka, na bibi akasema hapo ndipo moyo wake ulipopata kupumua. Utani ni deni la pande mbili. Mimi namcheka yeye ananicheka, na siku ya shida tunazikana.

Huyo wa kwenye televisheni ananicheka mimi simcheki yeye. Hanijui. Nikifiwa haji. Mei 2013 hakuja mtu wa komedi hata mmoja kutushika mkono. Mtani asiyekuja msibani si mtani, na sisi wenyewe wa Kusini ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kuijua tofauti hiyo.

#4 Dada wa Lindi

Kaka Chikongola umenigusa, mimi nipo hapa Lindi mjini nataka kuongelea upande wa akina mama maana nyinyi wanaume mnafikiri siasa ni kura tu. Hapa nyumbani kwetu tuna king'amuzi cha Azam na majirani wanakuja, tulikuwa tunaangalia ile tamthilia ya Kituruki ya Sultan iliyotiwa sauti za Kiswahili, kina mama wote wa uani saa ikifika wamekaa, uji umeungua jikoni hakuna anayeinuka, na mnavyomuona Hurrem kutoka kuwa mtumwa mpaka anamshauri sultani mambo ya nchi, mama mmoja jirani yetu ambaye alikuwa hasemi kwenye mkutano wa mtaa alianza kusema, nawaambia ukweli kabisa, alisimama kuulizia hela ya maji watu wakabaki wanamuangalia, baadae akaniambia mwanangu kama yule kaletwa kwenye jahazi amefungwa na anasema mbele ya mfalme mimi naogopa mwenyekiti wa mtaa? Hiyo si siasa?

Na huko Uturuki kwenyewe tamthilia ile ilileta ugomvi wa siasa, Erdoğan alipokuwa waziri mkuu mwaka 2012 aliilaumu hadharani kwamba inamuonyesha sultani Suleiman vibaya, anasema mzee yule maisha yake aliyamaliza juu ya farasi vitani haikuwa ndani na wanawake. Kwa hiyo serikali inajua. Halafu Januari 2017 Erdoğan mwenyewe akaja Tanzania, na hapa uani mama zangu wakasema huyu anatoka kwa Sultan, wakamuona kama ndugu, mtu ambaye miaka ya nyuma wasingejua hata nchi yake iko wapi.

Mama yangu mzazi yeye ni wa enzi za muvi za Kihindi. Anazijua nyimbo za Hema Malini mpaka leo na maneno yake haelewi hata moja. Nilivyomwambia kwamba Hema Malini ni mbunge huko India toka 2014, na Dharmendra naye alikuwa mbunge, na Amitabh aligombea 1984 akashinda halafu akaachia ngazi 1987, akasema mbona sishangai, kwa nilivyokuwa nampenda Amitabh angekuja kugombea Lindi ningempa. Ndio mama zetu hao, na wanapiga kura kuliko sisi.

Ila nakuuliza kaka, mbona umesahau mwanamke wa Kusini kwenye muvi? Mlinzi mmemuona. Sisi tunaonyeshwa kama watu wa unyago na kiuno tu, au bibi mchawi mwenye nembo. Mimi nimechezwa unyago, najua nilichofundishwa mle ndani, kuishi na watu, kutunza mwili, kuheshimu wakubwa. Nikikutana na mwanaume Dar akisikia natoka Lindi anatabasamu vibaya kabla sijamaliza kusema jina langu. Hiyo picha kapewa na nani?

#5 Mtoto wa Chikongola (mwenye uzi)

Dada wa Lindi nakuomba radhi, umesema kweli na mimi sikuliona. Nimemuona bibi kwenye basi na nembo zake na bado sikuandika kwamba kwenye muvi uso kama wa kwake ndio wanaoupa uchawi. Vinyago vya Kimakonde vinauzwa kwa wageni Mwenge pale Dar, vinabebwa kama zawadi ya nchi, lakini uso uliochorwa kwa mkono wa watu haohao ukitokea kwenye muvi mtoto anafunikwa macho.

#6 Mdau wa Mikindani

Mimi mtu wa sizoni, nitaongeza moja tu. Mnamkumbuka Jack Bauer, yule ofisa wa usalama wa kwenye tamthilia ya Marekani? Ile sizoni ya 24 ilianza 2001 na ndani yake kulikuwa na rais mweusi wa Marekani, David Palmer, mtulivu, mwenye akili. Sisi hapa Mikindani tulikuwa tunaziangalia kwa sidii za kuazimana, sidii moja inazunguka nyumba kumi. Mwaka 2008 Obama alipokuwa anagombea, Dennis Haysbert aliyeigiza Palmer akasema anaamini nafasi ile ilisaidia watu kuizoea sura ile ikulu. Mtu anaweza kubisha, lakini mimi naamini, kwa sababu hata mimi Obama aliposhinda sikushtuka, nilikuwa nimeshamuona rais mweusi kule miaka kadhaa.

Na upande wa pili wa sizoni hiyohiyo, Bauer alikuwa anatesa watu kupata habari na kila akitesa anafanikiwa. Ikafika mahali mkuu wa taaluma wa chuo cha kijeshi cha West Point, Brigedia Jenerali Patrick Finnegan, akaenda mwenyewe kukutana na watengenezaji, awaambie kwamba wanafunzi wake wanadhani mateso yanafaa kwa sababu wameona kwenye tv. Askari wa Marekani, wamesoma, wana sheria vitabuni, na bado muvi inawashinda walimu. Sembuse mwanafunzi wa hosteli Dar na mlinzi wa Newala.

#7 Mdau wa Nachingwea

Naungana na mwenye uzi ila niwakumbushe jambo la hapa kwetu ambalo vijana wengi hawalijui. Hapa Nachingwea ndipo Frelimo walipokuwa na kambi yao kubwa ya mafunzo, Samora Machel amekaa hapa, wazee wangu walikuwa wanawapelekea mihogo. Wale watu walipopata uhuru wa Msumbiji Juni 1975, nchi haina kitu, Wareno wameondoka na mafundi wao, mwaka uliofuata tu wakaanzisha taasisi ya taifa ya filamu. Sasa jiulize, nchi yenye njaa inaanzishaje taasisi ya filamu? Walikuwa na habari zao za sinema zinaitwa Kuxa Kanema, maana yake kuzaliwa kwa sinema, magari yanazunguka vijijini, mkulima anajiona mwenyewe kwenye kitambaa cheupe. Si Rambo, mkulima wa kwao, anaongea. Samora alielewa kwamba mtu ambaye hajawahi kujiona hajiamini kwamba yupo. Ile taasisi jengo lake liliungua 1991, lakini kazi yao ipo.

Na sisi tuliowapa ardhi ya kufanyia mazoezi, kwenye muvi tuko getini.

#8 Mdau wa Masasi

Ya utani nimeielewa mkuu, narudisha kauli kidogo. Mtani wa kwenye televisheni haji msibani, hiyo siwezi kuibishia, babu yangu angenifufukia.

Lakini nataka kuuliza, mbona hamuongelei tamthilia kubwa kuliko zote tuliyokuwa nayo, BUNGE? Hapa Masasi mjini kulikuwa na kibanda mchana kinaonyesha Bunge laivu, watu wamejaa kama Simba na Yanga. Mbunge wa Kilwa Kusini, mzee Bungara, Bwege mwenyewe, akisimama watu wanaitana. Yule alikuwa anaongea kwa lafudhi ya kwetu kabisa, anachekesha, na huku anasema mambo mazito ya watu wake. Hapo ndipo nchi ilimuona mtu wa Kusini anachekesha kwa akili yake mwenyewe, hachekwi. Januari 2016 serikali ikatangaza kwamba TBC itaacha kurusha Bunge laivu, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, na aliyetangaza alikuwa waziri wa habari wa wakati ule Nape Nnauye, mbunge wa Mtama, mtu wa mkoa wa Lindi. Tukabaki na vipande vya kuhaririwa usiku na klipu za kwenye simu. Klipu inakatwa pale pa kuchekesha, hoja iliyofuata haipo.

#9 Mtoto wa Chikongola (mwenye uzi)

Mkuu hapo umemaliza kabisa, sina cha kuongeza kwenye Bunge isipokuwa nilikuwa naangalia na baba, na baba alikuwa anazima redio ya nje ili majirani waje kwetu wasikie kwa pamoja.

Na umenikumbusha kitu kuhusu mtu anayechekesha kwa akili yake. Rais Magufuli alivyokuja ziara ya mikoa yetu 2019 alimtaja Harmonize hadharani, kwamba anatamani agombee ubunge Tandahimba. Watu wengi waliongelea kama umbea wa mastaa. Mimi nilimuangalia mdogo wangu wa darasa la sita alivyokaa wima. Kwa mara ya kwanza alikuwa anasikia jina la Tandahimba kwenye tv na halikufuatiwa na kicheko. Kugombea au kutogombea sikujali.

#10 Mzee wa Newala

Vijana wangu, kijana wangu amenisomea uzi huu nami nimemwambia aniandikie. Mimi nilikuwa na kibanda umiza hapa Newala toka enzi za deki na mikanda mikubwa, jenereta moja ya kukopa, mabenchi ya mnazi, kiingilio shilingi hamsini. Rambo nimeuonyesha mpaka mkanda ukakatika nikauunga kwa gundi.

Nawaambia jambo ambalo hamjalisema. Muvi peke yake ilikuwa haielewi mtu, Kiingereza kile nani anakijua. Mwenye nguvu alikuwa mtafsiri. Dar alikuwepo Lufufu, sauti yake ilifika mpaka huku kwa mikanda, watu wakiisikia tu wanajua leo kuna kazi. Na hapa Newala tulikuwa na kijana wetu anasimama pembeni ya tv na fimbo, anatafsiri kwa Kiswahili anachanganya na Kimakonde. Rambo akifika kwa mkubwa wake anadanganywa, kijana anasema, unaona, huyu ni kama katibu wa chama cha msingi, anamwambia Rambo korosho zako zimepimwa kumbe mzani umechezewa. Kibanda kinalipuka! Mwaka ambao malipo ya korosho yalichelewa, kila muvi ilikuwa ya malipo ya korosho. Mchina akipigana kung fu anapigania malipo ya pili. Siku moja mkubwa fulani wa hapa alisikia, akaja kuniambia nimnyamazishe kijana au nifunge. Nilimwambia kijana apunguze, kwa sababu nilikuwa na deni la jenereta. Hiyo bado inaniuma.

Kwa hiyo mwenye uzi, sisi tulishawahi kushika muvi ya watu tukaigeuza ikasema ya kwetu. Hatukuwa na kamera, tulikuwa na mdomo. Baadaye zikaja sola, simu na memori kadi, kila mtu anaangalia peke yake chumbani, hakuna wa kusimama na fimbo. Msimu wa korosho ukiisha vijana wananunua tv za bapa, wanaweka komedi, wanacheka yule mlinzi. Na mimi nawasikia kupitia ukutani.

#11 Mdau wa Mikindani

Mzee wangu shikamoo. Huyo Rambo unaemsema, Reagan alipokuwa rais wa Marekani mwaka 1985, mateka wao walipoachiwa, alitania kwenye maikrofoni kwamba ameuangalia Rambo usiku na sasa anajua la kufanya safari nyingine. Yeye mwenyewe alikuwa muigizaji kabla. Kwa hiyo mkanda mmoja kule unampa rais cha kusema, Newala unampa mkulima cha kusema kuhusu mzani. Mimi nachagua wa Newala.

#12 Dada wa Lindi

Mzee shikamoo, jamani nimelia hapo kwenye deni la jenereta. Usijilaumu baba yangu, ulikuwa na watoto wa kulisha. Huyo kijana wa fimbo yuko wapi sasa?

#13 Mzee wa Newala

Marahaba wanangu. Yupo, anaendesha bodaboda, sauti bado ipo. Tena kuna mikanda tuliyorekodi sauti yake kwa redio kaseti, akitafsiri, kama nane hivi, iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mke wangu anataka nafasi ya kuweka magunia.

#14 Mtoto wa Chikongola (mwenye uzi)

Mzee shikamoo, tafadhali sana usizitoe hizo kaseti, magunia yasogee kidogo tu. Nina rafiki hapa Shangani ana mashine ya kuhamisha kaseti kwenda kwenye kompyuta, nimeshaongea naye sasa hivi. Jumamosi napanda gari la asubuhi, saa nne nitakuwa Newala stendi. Mwambie na huyo kaka wa bodaboda anisubiri, mafuta yake ya siku nitayalipa mimi, na kama hataona vibaya aje na fimbo.

Na bibi niliyekutana naye kwenye basi alikuwa anakwenda Newala. Jina lake sikumuuliza. Ana nembo tatu tatu kila shavu na anatembea na kikapu cha ukindu chenye mfuniko mwekundu. Mzee ukimfahamu naomba umuulize kama Jumamosi atakuwepo nyumbani.